Udongo Mweupe wa Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye njaa? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Na nyinyi watu wazima mlioegemea ukuta, sikilizeni. Hii inawahusu nyinyi kuliko watoto.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na Baraza lao. Kila eneo lilituma mjumbe mmoja. Na Baraza lilikuwa na sharti: kila kikao, mjumbe aje na udongo mpya wa kwao. Aumwage chini, aukanyage, ndipo aseme. Asiyekanyaga udongo wa kwao, neno lake halihesabiwi. Kwa nini? Ili kila mjumbe arudi nyumbani, aone wenzake wanaishije.

Wanyama wa Bonde la Chokaa wakamtuma Ngiri. Udongo wa kule ni mweupe, na maji yao ni kijito kimoja tu. Mama yake alimjazia kifuko, akamwambia, "Nenda ukatusemee, mwanangu. Kila ukija kuchota udongo, pita unione."

"Nitapita, mama."

Akaenda. Kwatu, kwatu, kwatu, siku tatu njiani. Akamwaga udongo mweupe, akaukanyaga, akasema. Alisema vizuri huyo! Bonde likapata njia, likapata malisho. Kikao kikiisha, kwatu, kwatu, anarudi kwao, anamwona mama. Mwaka ukapita, akafanywa msaidizi wa kiongozi. Miaka ikapita, akafanywa kiongozi wa Baraza zima. Akapewa jiwe refu la kukalia. Kila anayepita, "Shikamoo, Mheshimiwa!"

Sasa Ngiri ana shughuli. Wageni asubuhi, wageni jioni. Siku moja akaitazama njia ile ya siku tatu, akachoka kabla hajaondoka. Akainama nje ya lango la Baraza, akachota udongo mwekundu wa pale pale. Korongo, mlinzi wa lango, alimwona. Akajisemea, "Mkubwa hakaguliwi," akanyamaza.

Kikao cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Mama akangoja. Ngiri hakupita.

Kikaja kiangazi kikali. Kiboko akasimama barazani. "Nataka kijito cha Bonde la Chokaa kizibwe, maji yabaki bwawani kwangu."

Wakapiga kura. Sita wakakubali, sita wakakataa. Ikabaki kura ya kiongozi.

Ngiri akamwaga udongo wake. Akainua mguu.

"Ngoja kwanza!" Kiboko akanguruma. "Kwenu udongo ni mweupe. Huu mwekundu umetoka wapi?"

Wajumbe wote wakauinamia ule udongo. Mwekundu!

Ngiri akaurudisha mguu nyuma.

"Basi hana kura!" Kiboko akasema. "Na kura zikilingana, mwenye ombi ndiye hushinda. Kijito kizibwe!"

Mara langoni, taratibu, taratibu, akaingia Bibi Kobe wa Bonde la Chokaa. Mwezi mzima yuko njiani. Shingoni ana kifuko.

"Udongo wa kwetu huu hapa," akasema.

Ngiri akamkimbilia. "Bibi, umeniokoa! Mama ndiye aliyekutuma?"

Bibi Kobe alimtazama kwa huruma. "Mama yako alikungoja, mjukuu wangu. Kila kikao kikiisha alikaa njiani, akisema leo atapita. Tumemzika. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: mpelekeeni udongo, mwanangu ana kazi nyingi. Nimeuchota juu ya kaburi lake."

Ngiri akaumwaga chini. Mweupe! Akainua kwato aukanyage, akashindwa. Atakanyagaje kaburi la mama yake? Akapiga magoti. Puu! La kulia. Puu! La kushoto. Akasema huku analia, "Kijito kisizibwe."

Baraza likaihesabu kura yake, kijito hakikuzibwa. Lakini Ngiri hakurudi tena kwenye lile jiwe. Siku ile ile alishika njia, kwatu, kwatu, kwatu, siku tatu. Akafika kwao. Njiani hapakuwa na aliyekaa kumngoja.

Mpaka leo, mwangalieni ngiri akila. Hupiga magoti, na magoti yake yana sugu.

Basi nyinyi mnaotumwa kuwasemea wenzenu, rudini kwenu mkawaone kwa macho yenu, wangali hai wanaowangoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, pale Ngiri alipopiga magoti.