Ubavu wa Mzee Kasiani

"Moto wa maganda hauvumi, lakini mfupa huusikia."

Ndivyo bibi yenu alivyowajibu sasa hivi mlipolalamika kwamba chungu kinachelewa, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Mmemfikia mtu mwenyewe. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo, tena nimevaa shati la kuazima, kwa sababu aliyekuwa anataka kuoa siku hiyo ni mimi.

Msichana niliyemtaka ni huyu huyu bibi yenu, Eufrasia. Baba yake, Mzee Kasiani Ndunguru, alikuwa na shamba la kahawa ng'ambo ya bonde. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, wa maneno machache. Katika ukoo wao kulikuwa na desturi: baba wa msichana akifika nyumbani kwa mchumba, hupewa ubavu wa nguruwe. Akiula mpaka mfupani, ameridhia. Akiuacha, hakuna mazungumzo tena. Mnaagana kwa heshima, kila mtu anarudi kwao.

Kabla yangu walikuwa wameposa vijana wawili, wachapakazi, watoto wa watu. Kote kuwili Mzee Kasiani alifika, akala ndizi, akanywa mchuzi, ubavu akauacha kwenye sahani. Watu wakaanza kusema ana majivuno, na kwamba binti yake atazeekea kwake. Eufrasia alimwuliza, "Baba, wale vijana wana kosa gani?" Mzee akatazama pembeni, akasema, "Hawana kosa." Kisha akatoka nje. Eufrasia alilia siku nzima, maana kama hawakuwa na kosa, basi hakujua mimi nifanye nini ili nisikataliwe.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake, Mama Gaudensia. Hakuwa mtu wa kelele. Mwaka ule, kwenye sherehe ya ubatizo kwa jirani, alikaa karibu na Mzee Kasiani, akamwona akihamisha kipande cha ini kutoka shavu hili kwenda lile, akitafuna kwa meno ya mbele kama sungura, na mwishowe akikimeza kizima huku machozi yanamlengalenga. Mama Gaudensia hakumwambia mtu. Hata mimi hakuniambia.

Siku ya ugeni ilipofika, baba yangu mdogo Otmari alijitwika kazi ya nyama. Alipasua magogo tangu asubuhi, akawasha moto ambao ungeweza kuyeyusha jembe. Mama Gaudensia naye alichagua vipande vinene vya ubavu wa nguruwe, kila kimoja na mfupa wake. Akavipaka chumvi, akavikaanga kidogo kwa mafuta yake yenyewe mpaka vikabadilika rangi, akavipanga chunguni na vitunguu, nyanya, tangawizi na kikombe kimoja tu cha maji. Akafunika, akaziba ukingo wa mfuniko kwa unga uliokandwa. Halafu akajaza shimo la jiko maganda makavu ya kahawa, akatia kaa la moto katikati, akateleka. Hapakuwa na mwali. Kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi, basi.

Baba mdogo Otmari akaja kuchungulia.

"Shemeji, hilo jiko limezimika."

"Halijazimika."

"Moto gani hauna hata sauti? Hebu funua tuone kama nyama imepata joto."

"Ukifunua, Otmari, umenirudisha nyuma. Nenda kwenye magogo yako."

Akaenda huku anacheka. Jua likapanda, likapita utosini, likaanza kushuka. Mama Gaudensia aliongeza maganda mara mbili, lakini mfuniko hakuugusa.

Mchana ulipokuwa umeegemea jioni, wageni wakafika. Tulisalimiana, tukakaa. Baba mdogo Otmari akaleta ubavu wake, mwekundu, unang'aa mafuta, unanukia mpaka nje. Mzee Kasiani alinawa mikono. Akauinua, akautia mdomoni, akakaza shingo. Tulisikia pumzi zake. Kisha akaurudisha sahanini taratibu, akafuta vidole.

Nilimtazama Eufrasia pale alipokaa na shangazi zake, akainamisha kichwa. Nikajua yamekwisha.

Ndipo Mama Gaudensia alipoingia na sahani nyingine. Alipiga goti mbele ya mzee, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, ule ulikuwa wa kuonja. Ubavu wenyewe ni huu."

Mzee Kasiani alitaka kuukataa. Lakini alipoushika mfupa ili ausogeze, mfupa ukatoka peke yake, mweupe, mtupu, nyama ikabaki sahanini. Akautazama ule mfupa mkononi. Akachukua nyama kidogo kwa vidole viwili, akaweka ulimini, akafumba macho. Hakutafuna. Akachukua tena. Na tena. Alimaliza kipande kizima, akapangusa mchuzi kwa ndizi, akauliza kama kipo kingine.

Eufrasia alipiga kigelegele kabla ya shangazi zake, jambo ambalo msichana haruhusiwi, na hakuna aliyemkemea.

Mzee akamwinamia Mama Gaudensia, akanong'ona, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Nani alikuambia, mwanangu?"

"Hakuna, baba. Niliona tu."

"Na ukanyamaza?"

"Mdomo ni wako, baba. Mimi ningesema nini?"

Mzee Kasiani akacheka. Hatukuwahi kumwona akicheka. Alifunua kinywa chote mbele ya watu, akakielekezea kidole. "Tazameni! Magego yote yamekwenda, huu mwaka wa sita! Nimewafukuza vijana wa watu kwa aibu ya meno!"

Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Baba mdogo Otmari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Mzee, nisamehe, na mimi nilikuwashia magogo kama nachoma matofali."

"Moto wako ulivuma, Otmari, tuliusikia tangu ng'ambo," mzee akamjibu. Akauinua tena ule mfupa mweupe, akamwonyesha Mama Gaudensia. "Lakini moto wa maganda hauvumi. Mfupa ndio unaousikia."

Tulioana kabla ya msimu wa kuchuma kahawa. Wale vijana wawili walialikwa, mmoja akacheza ngoma kuliko mimi, akipiga kelele, "Kumbe ni meno!" Na Mzee Kasiani alikuja kwetu kila Jumapili, alipokuwa hai, kula kwa Mama Gaudensia.

Kwa hiyo bibi yenu akiwaambia msubiri, msidhani anazungumzia chungu peke yake. Anamkumbuka mwanamke aliyeiona aibu ya mtu, akaisitiri, akaishughulikia kutwa nzima bila makeke, mpaka ikalainika ikawa kicheko. Moto wa maganda hauvumi, lakini mfupa huusikia.