Taa ya Bibi wa Kituoni

Wahenga waliosema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu hawakuwa wakiwasema walafi wa wali peke yao. Pupa ina sura nyingi. Kuna anayeungua ulimi kwa kutongoja chai ipoe, na kuna anayeungua moyo kwa kutongoja neno liive. Rachidi alikuwa huyu wa pili, na hadi leo hapendi kuulizwa habari za michezo ya kompyuta.

Alikuwa kijana mtanashati, mwenye duka la simu pale Rohero, katikati ya jiji la Bujumbura. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Simu iliyokufa aliifungua, akaifufua na kuifunga kabla mwenyewe hajamaliza kueleza ilivyokufa. Alikuwa mcheshi na mkarimu, wala hakuwa na ila isipokuwa hiyo moja: kungoja kulimwasha kama upupu. Rafiki zake walimtania kwamba hata msikitini huitikia "amina" imamu akiwa bado anavuta pumzi.

Rachidi alimpenda Assia, mshonaji wa Buyenzi, binti mtulivu aliyelelewa na shangazi yake, Bi Zubeda, tangu baba yake afariki. Alipotuma wazee kwenda kuposa, Bi Zubeda aliwakaribisha vizuri, akawalisha, kisha hakusema ndiyo wala hapana.

"Mutoto si kitenge, mutu anapima anabeba," alisema. "Rachidi aje akae na sisi kila Jumapili mchana, mulango wazi, tumujue."

Basi Rachidi akawa anakwenda kila Jumapili. Sebuleni, karibu na dirisha, palikuwa na kompyuta kuukuu yenye kioo chenye kibyongo nyuma, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Baba yake Assia, aliyekuwa fundi wa magari, aliileta nyumbani miaka ile ya vita, watu walipokuwa wakijifungia ndani kabla ya magharibi, ili binti yake apate mahali pa kutembea.

Mchezo huo uliitwa Mji wa Madirisha. Haukuwa na bunduki wala mbio. Ulikuwa picha zilizochorwa kwa mkono, picha baada ya picha, za mji ambao usiku wake haukuisha. Msafiri mdogo mwenye koti refu alisimama katikati ya picha akikungoja. Ukibonyeza mlango, aliuendea. Ukibonyeza kisima, alichungulia ndani, akasema neno moja juu ya kisima hicho, akanyamaza. Hakuna aliyemfukuza, hakuna saa iliyomhesabia, na kifo hakikuwemo. Kazi yake ilikuwa kuifikia kengele ya mji na kuipiga, ili kupambazuke.

Watoto wa jirani walikuja na michezo mipya kwenye simu, ya mpira na ya vita. Waliipenda mwezi mmoja, wakaifuta, wakatafuta mingine. Mji wa Madirisha ulibaki pale pale, na watoto hao hao waliingia sebuleni wakakaa mkekani, midomo wazi, kumtazama msafiri akivuka daraja ambalo walikwisha kumwona akilivuka. Mji ule ulikuwa na tabia ya kumngoja mtu. Hata ukiurudia baada ya juma au baada ya mwaka, ulikuta taa zake zinawaka vile vile na muziki wake unasikika kwa mbali, taratibu, kama mtu anayefagia uani kwa jirani.

Assia, mguu ukiwa kwenye cherehani, mara nyingi alijikuta anatembea kule. Jioni, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo na taa za Uvira zikianza kuwaka ng'ambo ya ziwa, aliona kama ndio ule mji, umesogea karibu kidogo. Hakumwambia mtu jambo hili, maana watu wana maneno.

Palikuwa na mahali pamoja tu walipokwama. Kwenye kituo cha treni alilala bibi kizee, amejikunja juu ya benchi, taa ya chemli miguuni pake. Mbele yake reli iliingia shimoni, giza totoro, na msafiri alikataa kuingia bila mwanga. Mtu yeyote angebonyeza taa, akaichukua, akaenda zake. Lakini baba yake Assia alikataa tangu siku ya kwanza, na Bi Zubeda akashikilia pale alipoachia kaka yake.

"Mutu analala, we unamubebea taa yake?" alisema. "Hata kama ni ya mu picha, mukono ni wako."

Basi walimsalimia bibi kila walipofika. Naye alinong'ona, "Bado kidogo," akageukia upande wa pili. Wao wakarudi mjini kutazama madirisha, wala hawakuona kwamba wamepungukiwa na kitu.

Rachidi aliyatazama hayo kama mtu aliyekalia kaa la moto. "Shangazi, beba tu ile taa," alisema kila Jumapili. "Ni mchezo." Bi Zubeda alimmiminia chai ya tangawizi kama hakusikia.

Jumapili moja uvumilivu ulimwisha kabisa. "Assia," alisema, "jibu yangu itatoka lini?"

Assia aliinamisha uso, akatabasamu. "Siku kule mu ule mji kutakucha, nitakujibu."

Mwenye masikio angesikia kilichokuwa ndani ya maneno hayo. Yalikuwa na maana ya kaa, sogea, twende pamoja. Bi Zubeda aliyasikia vizuri, akajifanya anatafuta kijiko. Rachidi alisikia kazi ya kufanya, naye kazi hakuwahi kuiogopa.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema, Assia na shangazi yake wakiwa jikoni wanakaanga sambusa. Juma zima alikuwa amesoma kwenye mtandao, ambako watu walikuwa wameandika njia ya mchezo ule hatua kwa hatua. Akakaa mbele ya kompyuta, simu mkono mmoja, kipanya mkono wa pili. Akaichukua taa miguuni pa bibi. Bibi hakuamka. Akapita shimoni, akapanda mnara, akaivuta kamba ya kengele. Sambusa zilikuwa hazijaiva bado.

"Assia, njoo uone. Kumekucha."

Assia alikuja akipangusa unga mikononi. Kwenye kioo, jua lilikuwa limechomoza juu ya mji. Barabara zilikuwa nyeupe na tupu, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Aliyatazama dirisha moja baada ya jingine.

"Voilà," alisema Rachidi, uso unang'aa. "Sasa nijibu."

"Kumekucha kwako, Rachidi," alisema Assia. "Mi ningali kituoni."

Akavuta kiti, akataka kurudi kwa bibi. Hapakuwa na pa kurudi. Mchezo ule ulihifadhi mahali pamoja tu, na Rachidi alipofika mwisho, mahali pale palifutika. Msafiri alikuwa amesimama kwenye lango la kwanza la mji, kama ambaye hajawahi kuingia. Njia yote aliyotembea na baba yake ilikuwa imekwenda. Assia alilia mbele ya wote bila kujificha.

"Pardon, Assia," alisema Rachidi. "Mi nilitaka kukusaidia."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyofanya jambo lenyewe liume zaidi.

Bi Zubeda hakuwa mtu wa kumnyonga mgeni kwa kosa moja. "Machozi hayatarudisha kitu," alisema. "Rachidi, uje Jumapili. Tuanze tena pamoja, toka mulango wa kwanza."

Alikuja, na alitaka kwa moyo wote kuvumilia. Lakini aliyekwisha kuuona mwisho hukosa subira na mwanzo. Kabla msafiri hajageuza shingo, Rachidi alikwisha kusema, "Apana, si huko. Kamata ule ufunguo chini ya ndoo." Kila picha aliifungua kwa mdomo kabla jicho halijaifikia. Watoto wa mkekani waliondoka mmoja mmoja. Jumapili ya tatu aliitazama simu yake tangu kuingia hadi chai kumalizika, kisha akasimama.

"Mukifika mwisho, munipigie," alisema. Akaenda dukani kwake, ameridhika kwamba ameokoa muda.

Kiti chake hakikukaa kitupu. Khaled, mwalimu wa shule ya msingi huko Ngagara, alikuja kurudisha sinia kubwa la Bi Zubeda ambalo dada yake aliliazima kwa harusi. Hakuwa mzuri wa sura, hata mama yake angekiri hivyo, na maneno yake yalitoka kama maji ya bomba la kiangazi. Alisimama na sinia mkononi, akaliangalia koti refu la msafiri.

"Huyu anaenda wapi?" aliuliza.

"Hajajua bado," alisema Assia.

"Basi tumungoje ajue," alisema Khaled, akakaa.

Juma la pili alirudi bila sinia, akaomba ruhusa kwa Bi Zubeda kama ipasavyo, na mvua za masika zikawakuta wote watatu wakitembea katika mji ule. Khaled alikosea mara nyingi kuliko alivyopatia. Alimpa paka kamba, akampa mwokaji mikate kitasa, akambishia hodi sanamu. Bi Zubeda alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Siku moja mwalimu alisinzia kabisa kitini, wakamwacha alale. Watoto walirudi mkekani.

Jumapili waliyofika kituoni, mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati. Bibi alikuwa amelala pale pale, taa miguuni. Assia alimkalisha msafiri kwenye ncha tupu ya benchi, akaachia kipanya.

"Baba yako naye alifika hapa?" aliuliza Khaled.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Assia habari hizo. Akaanza kueleza. Alieleza jinsi baba alivyorudi kutoka gereji mikono imejaa grisi, akaiosha kwa sabuni na mchanga, akainusa, akaiosha tena kabla ya kugusa mashine. Alieleza jinsi alivyokuwa akimsomea majina ya mitaa ya mji ule kwa sauti, kama dereva anayewatajia abiria vituo. Akacheka alipokuwa anataka kulia. Khaled alisikiliza tu. Chai ilipoa katika vikombe, na hakuna aliyekumbuka kipanya wala kompyuta.

"Munaona?" alisema Bi Zubeda kwa sauti ya chini.

Bibi kizee alikuwa ameketi. Alijinyoosha taratibu, akafungua macho, akamgeukia msafiri. Maneno yakaandikika chini ya picha kwa Kifaransa, na Assia akayasoma kwa Kiswahili: "Wote hupita mbio. Wewe umekaa nami. Chukua taa, mwanangu, mimi nimekwisha kupumzika."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zubeda, kama aliyepokea mgeni wa safari ndefu.

Miaka yote ile walikuwa wakifika kituoni, wakimsalimia bibi, kisha wakirudi mjini, au wakiizima mashine upesi kwa kuogopa umeme kukatika. Hata wao, waliojiona wastaarabu, walikuwa na pupa yao ndogo. Waliokosa kabisa ni wale walioandika njia kwenye mtandao, kwa kuwa wao walikuja kumaliza, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa.

Haukupita muda, habari zikamfikia Rachidi dukani kwamba wazee wa Khaled wameonekana Buyenzi. Alifunga duka mchana kweupe, akaja. Mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Akapiga hodi, akakaribishwa, lakini aliishia kizingitini, maana alikuwa amekiona kioo.

Kengele ilikuwa inalia. Jua lilikuwa linachomoza juu ya mji ule ule, ila safari hii msafiri alipita barabarani na taa aliyopewa kwa mkono wa mwenyewe, na kila alipopita dirisha lilifunguka. Mwanamke alikung'uta shuka. Mzee alimwagilia ua. Msichana alimsuka mdogo wake. Madirisha yalifunguka mtaa baada ya mtaa, watu wakachungulia wakipikicha macho, wakimwamkia mgeni. Watoto wa mkekani nao wakawaamkia.

"Mi sikuonaka hii," alisema Rachidi polepole. "Kwangu ilikuwa kufungwa yote. Nani aliwafundisha?"

"Hakuna mutu," alisema Assia. "Tulikaa tu."

Khaled aliinuka, akataka kumpisha kiti. Rachidi alimwashiria abaki.

"Na jibu yangu, Assia? Sasa kumekucha. Ulisema."

Assia alisimama, akamkabili. Hakuwa na hasira, na hilo Rachidi aliliona, likamtia hofu kuliko hasira yoyote.

"Nimeshamujibu Khaled," alisema. "Lakini we pia nitakujibu, juu ya ile ahadi yangu. Ile siku uliniuliza, nilikuwa nimeshakupenda. Jibu ilikuwa ndiyo, Rachidi. Nilitaka tu ukae kidogo, nikuambie mwenyewe."

Bi Zubeda alimtazama kijana kwa huruma, akamwambia aingie anywe chai. Rachidi alishukuru, akasema dukani wanamngoja, ingawa dukani hapakuwa na mtu. Akabaki amesimama kizingitini pa nyumba ambayo ingempokea kama mkwe, akitazama madirisha ya mji yakiendelea kufunguka kwa ajili ya wengine, akakubali moyoni kwamba wahenga hawakumwonea: mwenye pupa hadiriki kula tamu.