Kombaini ya Natalia na Mashamba Matatu

Hapo zamani, zamani ya kombaini na si ya sungura na fisi, aliishi mwanamke aitwaye Natalia kwenye nyanda za ngano chini ya mlima Hanang. Natalia alikuwa na kombaini kuukuu, na jirani zake wote waliitegemea kwa mavuno. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa kimefungwa siku nyingi. Ukiulizia spea zake mjini, wauzaji wanacheka: "Mama, hiyo kaulize makumbusho!"

Lakini ikiingia shambani, lo! Ilikata, ikapura, ikapepeta. Ndiyo maana kila mwaka kabla ya mavuno jirani walikusanyika kuipaka rangi nyekundu. Walipaka wakiimba, walipaka wakitaniana, walipaka kila mahali brashi ilipofika.

Mwaka huo ngano ilistawi ajabu. Natalia akavuna shamba hili, akavuna lile, mpaka yakabaki matatu tu: la Sulle mfugaji, la Akonaay, na la Fabiola fundi wa kuchomelea. Hapo ndipo mawingu yalipoanza kujikusanya mlimani. Na mvua ikiikuta ngano imesimama, punje huota masukeni, na unga wa mwaka mzima ndio basi.

Natalia akakanyaga mafuta. Kufika njia panda ya mashamba hayo matatu, akasikia mlio mkali tumboni mwa mashine, kisha moshi, kisha ndimi za moto!

"Jamani, inaungua!" akapiga kelele. "Atakayeniokolea mashine hii, shamba lake nalivuna kwanza!"

Sulle alikuwa akipita na mkokoteni wa punda, amebeba mapipa ya maji ya ndama wake. Maji hayo aliyatoa mbali. Hakusita. Akamwaga pipa la kwanza, akamwaga la pili, akamwaga yote. Moto ukazimika.

Jirani waliosikia kelele wakaja mbio, Akonaay na Fabiola na trekta lake wakiwamo, wakafungua mashine. Beringi ya ngoma ya kupura ilikuwa imesagika. Watu wakaguna, maana beringi kama ile haikupatikana popote, ila sehemu moja. Macho yote yakamgeukia Akonaay.

Akonaay alikuwa na kombaini ya aina ileile, ya marehemu baba yake. Ilikuwa haijawaka miaka na miaka na kuku walitagia ndani, lakini yeye aliipangusa kila Jumapili, na alikuwa ameapa kuifufua bila kuipunguza hata bolti moja.

Akatazama mawingu. "Msinitazame hivyo," akasema. Akaondoka, akarudi na beringi imefungwa ndani ya shati lake. "Ya kwetu sasa ni banda la kuku kwelikweli."

Wakaijaribu. Inacheza! Shafti ilikuwa imelika, beringi imekuwa pana. Fabiola akachomoa pini inayounganisha trekta lake na tela. Akaikata, akaitoboa, akaipiga tupa mpaka vidole vikamtoka damu, ikawa bushi, pete ya kujaza nafasi kati ya shafti na beringi.

"Na mavuno yako utayabeba na nini, mama?" Sulle akamuuliza.

"Kwa kichwa! Shika hapa, acha maneno."

Bushi ikaingia, beringi ikakaa. Fabiola alipokuwa akifuta mikono akainama ghafla. "Njooni muone. Tundu la grisi limezibwa na rangi. Ndiyo maana beringi ilikauka. Upande huu alipaka nani?"

Sulle akajibu, "Mimi. Nilitaka ing'ae."

Natalia akahisi uso unawaka. Grisi alikuwa akipiga yeye mwenyewe. Aliiona ikifurika nje ya tundu, akaipangusa kwa kitambaa, akasema imeshiba.

Akapanda, akawasha. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akawasha tena. Ikanguruma! Wanawake wakapiga vigelegele, Akonaay akarusha kofia juu, Sulle akamkumbatia punda wake.

"Haya Natalia, kwangu!" Sulle akadakia. "Bila maji yangu, mngetafuta spea ya majivu? Ndama wangu wana kiu mpaka sasa."

"Moto wenyewe umeuwasha wewe kwa brashi yako!" Akonaay akamjibu. "Kwangu, Natalia. Maji yapo, pini zipo. Beringi hiyo ilikuwa moja, na nimekupa pamoja na ndoto ya baba yangu."

"Ulileta beringi inayocheza, kaka," Fabiola akasema. "Natalia aliomba mashine, hakuomba chuma mkononi. Anayeifanya ingurume ni nani?"

"Kosa la rangi nalikubali," Sulle akasema taratibu. "Lakini nilipomwaga maji nilikuwa sijui kama nina deni. Niliona jirani anaunguliwa tu."

Upepo ukaja na harufu ya udongo uliolowa. Natalia alikuwa anaijua mashine yake: kwa muda uliobaki itamaliza shamba moja, si zaidi. La Sulle liko kushoto, la Akonaay mbele, la Fabiola kulia. Wote watatu wamesimama chini, nyuso juu, na usukani unatetemeka mikononi mwake.

Haya, ninyi mnaosikiliza, semeni upesi, mvua haitusubiri: Natalia akate usukani kuelekea wapi? Je, kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili?