Mtungi wa Mama Yake Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na serikali yao, ilikuwapo sheria moja. Mali iliyoachwa bila mwenyewe hupelekwa bohari ya serikali, ikangoje huko mpaka mwenyewe aje. Mtunza bohari alikuwa Mzee Tembo.

Basi mama yake Pimbi akafia ugenini. Pimbi aliporudi kutoka mazikoni, akakuta nyumba ya mama tupu. Mtungi wa mbegu umepelekwa bohari. Mvua ilikuwa karibu, na wanawe hawakuwa na mbegu nyingine.

Akakimbia, puku puku puku. Mlangoni pa bohari akawakuta Fisi na Kiboko mbele ya Mzee Tembo.

"Mtungi ule ni wa marehemu shangazi yangu," Fisi alikuwa akisema. "Una mbegu za mtama." Alijua, maana ndiye aliyeubeba kuuleta bohari, akachungulia njiani.

"Mimi shahidi wake," Kiboko akanguruma.

"Shikamoo, Mzee Tembo," Pimbi akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mtungi huo ni wa mama yangu. Una mbegu za mtama."

Tembo akapepea masikio. "Mmesema sawasawa. Lakini Fisi ana shahidi."

Pimbi akaona kubishana hakutamfaa. Akasema taratibu, "Basi Bwana Fisi auchukue. Ila Mzee, andika na sharti lake. Mwenye mtungi huo alipewa mtungi na mbegu zake na kijiji kwa ahadi ya kuchimba kisima, pima ishirini, kwenye mwamba. Asipochimba yeye, atachimba mrithi."

"Pima ishirini?" Fisi akauliza.

"Na shahidi wake atamsaidia kupasua mawe."

Kiboko akarudi nyuma, tii, tii. "Mimi nilisikia tu kwa Fisi."

Fisi akautazama mtungi upya. "Wa shangazi ulikuwa mwekundu. Huu si wetu. Andika, Mzee."

Tembo akaandika. "Nawe Pimbi, unaudai pamoja na sharti lake?"

"Naudai."

Akakabidhiwa. Fisi akacheka, "Haya, kachimbe."

"Mama alishakichimba," Pimbi akajibu, "mwaka niliozaliwa mimi. Ndicho kisima unachokunywa maji yake kila siku."

Pimbi akajitwika mtungi wake, akaenda zake, na mvua ya kwanza ikawakuta wanawe wanapanda.

Watoto wangu, mwenye mali huipokea pamoja na mzigo wake. Mwizi hutaka utamu peke yake.