Binti Aliyesomeshwa na Usharika

Ndugu zangu, kulikuwa na usharika mmoja huko milimani, tena si huu wetu. Binti mmoja wa pale alifiwa na baba mwaka uleule alioitwa chuo cha uuguzi. Ada ilikuwa kubwa kuliko fedha yoyote aliyowahi kuishika mama yake. Basi Wakristo wakachanga. Akina mama waliuza maandazi baada ya ibada, na mzee mmoja wa kanisa akauza ng'ombe wake wa maziwa. Binti akasoma, akafaulu, na akaomba mwenyewe apangiwe zahanati ya palepale kwao, wakati wenzake wote walitaka mjini.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye watu wakaanza kumwona kama mali yao. Huyu anataka dawa bure, yule anamtuma dukani. Akisuka nywele vizuri, anasikia nyuma yake, "Kumbe mchango wetu umeishia kichwani." Anatabasamu, anapita.

Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto anayechemka kwa homa, macho yameanza kugeuka. Yule mzee aliyeuza ng'ombe akawapita wote, akaingia moja kwa moja chumba cha matibabu. Goti lilikuwa linamuuma.

"Mzee wangu, naomba unisubiri nje kidogo," binti akamwambia. "Namhudumia huyu mtoto kwanza."

"Mimi ndiye wa kusubiri?" mzee akauliza. "Hilo gauni jeupe unadhani limetoka wapi?"

Binti alimhudumia mtoto, na mtoto akapona. Lakini Jumapili wazee wa kanisa walimwita, wakamwambia hana shukrani. Akapiga magoti, akaomba radhi. Wazee wakaridhika, wakafunga kikao kwa sala.

Nyumbani mama yake akamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Yamekwisha."

"Hayajaisha, mama. Wenzangu waliosoma kwa mkopo wanakatwa kwenye mshahara, na iko siku watamaliza. Huu wangu nitaumaliza lini?"

Ninyi mlioketi hapa mngemjibu nini?

Kabla ya Pasaka binti akapata uhamisho. Mama alimsaidia kufunga mizigo. Zahanati imebaki na kufuli, na wajawazito wa kijiji kile sasa wanashushwa mlimani kwa pikipiki kumtafuta muuguzi. Ukiwauliza watu wa pale, watakwambia serikali imewasahau.

Serikali? Muuguzi walikuwa naye. Walimsomesha wenyewe, wakamfukuza wenyewe, tena kwa sala.

Sasa tuje kwetu sisi. Leo tunamchangia kijana wetu anayekwenda chuo cha ualimu. Yuko kule nyuma; msimgeukie. Tumtolee, tena kwa moyo. Lakini kabla mkono haujatoka mfukoni, kila mmoja ajiulize: nampa, au namkopesha? Kama unamkopesha, mwambie leo, angali na nafasi ya kukataa. Kama unampa, basi ukishatoa, usimfuate tena. Sisi tumepewa neema, na hakuna aliyetufuata nyumbani kuja kuidai.

Na siku akirudi hapa mwalimu, akampa mwanao sifuri aliyoistahili, mshukuru, kisha umwambie mwanao akasome.