Kengele ya Mzee Shekiondo

Tegeni masikio. Kisa ni kifupi, lakini kina miba.

Mzee Shekiondo, fundi redio wa Muheza, alizaa watoto watatu wasiopikika chungu kimoja. Hemedi alijaliwa jicho la kuokota vya maana jalalani. Chausiku alijaliwa mkono mtulivu wa kulehemu. Nasoro, kitinda mimba, alijaliwa hasira, wala hakuwa mchoyo nayo.

Mlangoni kwa mzee palikuwa na kengele ya betri: ukibonyeza swichi nje, taa ndogo huwaka ndani. Macho ya mzee yalipozimika, taa ikawa haina kazi. Juzi mleta dawa alibonyeza, akasubiri, akaenda zake.

"Atakayeipa sauti kengele yangu," mzee akasema, "ufunguo wa kibanda changu cha redio ni wake."

Chausiku aliutamani ufunguo ule kuliko chakula. Ndiye aliyekuwa akimshikia baba tochi kibandani miaka yote.

Hemedi akaleta king'ora kidogo, alichokichomoa kwenye kigari kibovu cha kuchezea. "Bila mimi mngelehemu nini? Hewa?"

Chausiku akakiunga sambamba na taa, waya nyekundu huku, nyeusi kule. Nasoro akatoa betri za tochi yake, maana za kengele zilikuwa zimechoka, huku akinung'unika.

Wakabonyeza. Taa ikawaka, king'ora kimya.

"Huo ndio mkono mtulivu!" Nasoro akacheka. "Nipeni betri zangu." Akazichomoa.

"Zirudishe!" mzee akafoka.

Nasoro akazisokomeza kwa chuki bila kutazama, kichwa kikakaa penye mkia. Akabonyeza. "Haya, kaeni na taa yenu!" King'ora kikalia nyumba nzima.

Chausiku akaelewa papo hapo. Taa haichagui umeme uingilie upande gani, king'ora huchagua. Yeye alikuwa amezigeuza waya, na mdogo wake, kwa ubaya tu, amezigeuza betri. Roho ikamuuma. Angepewa nafasi kidogo, angebaini kosa mwenyewe.

"Kinacholia ni changu!" akasema Hemedi.

"Ungekiunga kwa mate?" Chausiku akamjibu.

"Kilikuwa bubu mpaka mkono wangu ulipopita!" Nasoro akawakatiza.

Matusi yakapanda. Nje, mleta dawa akabonyeza kengele. Ikalia, ikalia tena, na kati ya wale watatu hakuna aliyeisikia. Mzee akapapasa ukuta, akaenda kufungua mwenyewe, ufunguo wa kibanda umo kiganjani.

Haya, nyinyi mliosikia. Mmoja alileta mlio, mmoja aliunga, mmoja alitaka kuharibu akatengeneza. Kibanda ni kimoja, na mzee yuko mlangoni anasubiri jibu. Je, wewe ungemkabidhi nani ufunguo?