Fisi, Mfasiri Mkuu

Mto ulikauka mpaka mamba akahama. Wanyama wakachimba kisima kirefu, wakapata pampu ya kisasa yenye kioo cha maandishi kutoka nchi ya mbali. Maandishi yake yote yalikuwa ya kigeni, na ukibonyeza ovyo ilijifunga siku tatu. Simba, mwenye maringo mengi kuliko manyoya, akatangaza: "Itafsirini kwa lugha yetu. Atakayefanya kazi kubwa kuliko wote, nitamkabidhi ufunguo wa pampu."

Sungura alimwona Fisi akilamba midomo, akawaza. Ufunguo ukiingia mikononi mwa mlafi yule, wanawe Sungura watakufa kwa kiu.

"Tufungue tovuti," Sungura akasema haraka. "Kila mwenye simu atafsiri sentensi mbili tatu, jina lake lionekane."

Fisi akaangua kicheko chake cha kukera. "Tovuti! Ili kila punguani aandike? Wataalamu hutumia programu ya kutunza matoleo. Kila badiliko huingia na jina la aliyeliingiza, wala halifutiki. Nileteeni karatasi zenu, nitaingiza mimi."

Kompyuta bondeni ilikuwa moja tu, ya Fisi. Simba hakuelewa hata neno moja, na hakutaka ijulikane. "Naam," akasema. "Hiyo ndiyo ya kitaalamu."

Basi Swala akatafsiri huku ananyonyesha, Kobe akatafsiri mpaka akasahau kula. Fisi akanakili kila mstari kwa jina lake mwenyewe. Hakusoma hata mmoja, kusoma ni kazi. Sungura alipochungulia kompyuta aliona Fisi, Fisi, Fisi, kutoka juu mpaka chini. Akaenda nyumbani, akaandika karatasi yake ya mwisho, akaipeleka kwa heshima zote.

"Pokea, bwana mkubwa."

Siku ya uzinduzi, tafsiri ikiwa imeshaingizwa kwenye pampu, Fisi alikuja amejipaka mafuta. Simba akabonyeza kitufe cha pampu, na kioo kikaandika kwa herufi kubwa: "Simba, piga magoti, uombe maji kwa adabu."

"Nani kaandika haya?" Simba akanguruma.

Kobe akafungua kumbukumbu za programu. "Fisi, mtukufu. Na mstari wa pili, Fisi. Yote mia nne, Fisi."

"Si mimi! Ule ni wa Sungura!"

"Na mingine, bwana mkubwa?" Sungura akauliza taratibu.



"Ama umenitukana mimi, ama umewaibia hawa," Simba akasema. "Chagua."

Fisi akachagua wizi upesi sana, akaanza kutaja kila karatasi ilitoka kwa nani. Kobe, aliyekuwa na mistari mingi kuliko wote, akapewa ufunguo, tovuti ikafunguliwa, na Simba akadai alilijua jambo hilo tangu mwanzo. Kisha akamwamuru Fisi atafsiri sentensi moja tu, yake mwenyewe, ndipo anywe.

Wenzake walikunywa wakashiba, naye bado anakikodolea macho kioo, ulimi nje. Anayejiandikia kazi ya wengine, angalau aisome.